Makala Iliyopata Sifuri

Jina lake halisi lilibandikwa mlangoni, lakini hakuna aliyelitumia. Kuanzia mkuu wa kitivo hadi mfagizi wa ghorofa ya chini, sote tulimwita Bi Nukta. Chanzo chake ni wanafunzi waliokuwa wakimpelekea maandishi yenye sentensi zisizokwisha. Alikuwa akizisoma kwa sauti mpaka pumzi imwishie, kisha anamtazama mwandishi kwa huruma na kumwambia, "Mwanangu, nukta hailipiwi. Weka hata mbili."

Alikuwa daktari wa mifugo na mwalimu wa magonjwa ya mbuzi na kondoo. Juu ya hayo, kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi, alikuwa mhariri wa jarida la kitivo chetu. Mimi nilikuwa chumba cha jirani, na ukuta uliotutenganisha ulikuwa mwembamba kiasi kwamba akipiga chafya namwambia "afya" bila kuinuka. Mengi ya haya niliyasikia mwenyewe. Mengine alinisimulia baadaye, mambo yalipokuwa yamekwisha kuharibika.

Jarida lenyewe lilikuwa na jalada la kijivu na karatasi za kawaida, na lilitoka mara mbili kwa mwaka, mashine ya kuchapia ikikubali. Alilirithi kwa mwalimu wake, profesa mmoja mkali aliyelianzisha kwa lugha yetu, ile ile inayosemwa zizini, kwa sababu alitaka lisomwe na mtu aliyeshika bomba la sindano. Na kweli walilisoma. Maofisa mifugo wa wilayani, wachanjaji, wauza dawa za mifugo, wote walipokezana nakala moja mpaka kurasa zikalegea. Barua zao zilikuwa za ajabu. Mmoja aliomba toleo jingine kwa kuwa la kwanza limeliwa na mchwa. Mwingine alitaka kujua kama yule mwandishi wa makala ya kwato ameoa.

Mume wa Bi Nukta alifariki binti yao akiwa bado wa kubebwa. Hakuwa na wa kumwachia, basi akawa anakuja naye kazini na kumlaza kwenye kapu chini ya meza. Siku moja alipogeuka alimkuta ametafuna ukurasa mzima wa makala ya mtaalamu wa minyoo. Alimwandikia mtaalamu yule kumwomba nakala nyingine na akamweleza ukweli, kwamba ya kwanza imeliwa. Yule bwana akajibu kuwa amefurahi kusikia hatimaye kuna mtu ameimeza hoja yake. Tangu hapo mtoto akaitwa Kurasa, na jina likamganda.

Kurasa alikulia mle ofisini, akachora farasi nyuma ya makala zilizokataliwa, akajifunza kusoma kwa maneno kama "kuhara" na "homa". Hakuna aliyeshangaa alipoingia kusomea tiba ya mifugo, wala aliporudi na shahada yake ya juu kufundisha idarani kwetu kwa mkataba, akingojea kuajiriwa moja kwa moja. Kwa umbo alimfuata baba yake, mrefu na mwembamba. Kwa ubishi alikuwa mama yake mtupu.

Aliamua kuchunguza sotoka ya mbuzi, ugonjwa ambao ukiingia zizini hautoki mpaka umelifagia. Chanjo ipo, na mbuzi walikuwa wakichanjwa, lakini bado walikufa. Wakubwa walisema wafugaji ni waongo, hawawaleti mbuzi wote. Wafugaji walisema chanjo ni maji. Kurasa alizunguka na wachanjaji misimu ya kiangazi, akitoa damu shingoni mwa mbuzi, akaandika nani kachanjwa na wakati gani. Akarudi mweusi tii kwa jua, midomo imepasuka, na jibu mkononi.

Jibu lilikuwa jepesi mpaka linaudhi. Ile chanjo huja ikiwa unga, huchanganywa na maji ndipo ipigwe, na ikishachanganywa nguvu yake hupungua upesi, hasa penye joto. Wachanjaji, ili kuepuka usumbufu, walichanganya chupa zote asubuhi wakazitumia hadi jioni. Mbuzi wa asubuhi walikingwa. Mbuzi wa mchana walipigwa maji, kama wafugaji walivyokuwa wakisema. Dawa yake ni kuchanganya chupa chache chache.

Mtaalamu wa nchi ya mbali aliyempimia Kurasa zile damu kwenye maabara yake aliisoma kazi hiyo akamshauri aipeleke kwenye jarida moja kubwa la kwao. Kurasa akalileta jambo hilo nyumbani, mezani, wakinywa chai.

"Mama, anasema wataipokea bila shaka."

"Kwa nini wasiipokee? Ni kazi safi."

"Sasa unanishauri nini?"

"Mimi nakuuliza tu. Mchanjaji ataisoma wapi?"

Kurasa akakoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani. "Naweza kuandika mara mbili. Kule kwa lugha yao, kwako kwa lugha yetu."

"Matokeo yale yale, mara mbili, kama vile ni mapya? Hapana, mwanangu. Hilo halifanywi, na unajua halifanywi."

Kulikuwa na njia ya kulifanya kwa uwazi, wahariri wa pande zote mbili wakiombwa ruhusa. Bi Nukta mwenyewe alikuja kuniambia kwamba alilijua hilo. Lakini siku ile aliitaka ile makala. Ilikuwa miaka mingi tangu apate kazi nzuri kama hiyo mezani kwake, na kwamba imeandikwa na mwanawe ilimfanya aitake mara mbili.

"Basi, Mama," Kurasa akasema. "Ichukue."

Ili asionekane anambeba mwanawe, Bi Nukta hakuigusa. Alimwachia msaidizi wake, mwalimu wa magonjwa ya ndege tuliyemwita Daktari wa Kuku, mtu mnene mwenye kicheko cha kutikisa madirisha. Huyo akaipeleka kwa wasomi wawili waliohukumu bila kujua mwandishi ni nani, nao wakaisifu. Ikachapwa. Katika ofisi moja ya mifugo waliitoa nakala wakaibandika kwenye mlango wa friji ya chanjo. Kiangazi kilichofuata, wilaya kadhaa zilichanja kwa chupa chache chache, na maiti za mbuzi zikapungua. Bi Nukta alitembea kitivoni kwa raha ya mtu aliyevaa viatu vipya.

Kisha tukaitwa ukumbini.

Mkuu wa kitivo alisimama mbele ya mwanga wa projekta, uso wake umepigwa michoro ya grafu. Alikuwa mtu mwema, aliyesoma mwaka mmoja na Bi Nukta. Alieleza kwamba chuo kimeamua kupanda kwenye orodha ya vyuo vya dunia, na kwamba kuanzia sasa ajira na vyeo vitakwenda kwa alama. Makala iliyochapwa kwenye jarida la robo ya kwanza, alama nyingi. Robo ya pili, pungufu kidogo. Ikashuka hivyo hadi ya nne.

Daktari wa Kuku akanyoosha mkono. "Mkuu, letu lipo robo ya ngapi?"

"Letu... halimo."

"Halimo hata robo ya nne?"

"Halimo kwenye orodha yenyewe ya majarida, ndugu yangu."

Ukumbi ukacheka. Hata Bi Nukta alicheka. Alidhani ni upuuzi wa wakubwa, utapita kama ulivyopita ule wa kuvaa beji.

Haukupita. Mkataba wa Kurasa ulipofika mwisho, kamati ya ajira ilikaa, na mimi nilisikia matokeo kupitia ukutani.

"Sifuri," alisema Kurasa.

"Sifuri ya nini?"

"Makala yangu, Mama. Wameipa sifuri. Nimepata alama za ile nyingine tu, ile niliyoandika na watu chungu nzima jina langu likawa karibu na mwisho. Hiyo ina alama. Nilichofanya ni kuwatumia damu ya kondoo."

Kisha nikasikia kiti kikisukumwa na mlango ukifunguka. Bi Nukta alipanda ngazi hadi kwa mkuu wa kitivo, na aliporudi alipitia kwangu, akakaa kwenye kiti cha wanafunzi, mikono mapajani.

"Nimemuuliza ni kosa gani kamati imeliona kwenye ile makala," alisema. "Unajua kanijibu nini? Kasema, 'Dada, hakuna aliyeisoma. Kwenye fomu kuna sehemu ya jina la jarida na sehemu ya alama, basi.' Hakuna aliyeisoma. Wangeisoma wakaikataa, ningelala usingizi."

Mkuu alifanya alichoweza. Aliomba Kurasa aongezewe mwaka mmoja, wa mwisho, ajikusanyie alama. Na Bi Nukta, ambaye maisha yake yote alikuwa amehariri jarida bila kujua kwamba majarida hupangwa kama timu za mpira, aliamua kuijua hiyo ligi.

Alikwenda maktaba. Mkutubi wetu alikuwa bwana mpole, mwenye kuvaa sweta hata jua likiwaka. Alimkalisha, akageuza karatasi iliyokwisha kutumika, akachukua penseli. Mimi nilikuwa nimemsindikiza.

"Namba yenyewe ni hesabu ya darasa la nne," alisema. "Chukua makala zilizochapwa na jarida katika miaka miwili iliyopita. Tuseme hamsini. Sasa tazama mwaka huu: watu walioandika makala kwenye majarida ya orodha wamezitaja hizo hamsini mara ngapi katika marejeo yao? Tuseme mara mia. Gawa mia kwa hamsini. Mbili. Hicho ndicho kipimo cha jarida."

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu. Halafu unayapanga majarida ya fani moja, mwenye namba kubwa juu, mwenye ndogo chini. Unakata mafungu manne. Fungu la juu ndilo robo ya kwanza. Vipo vipimo vingine, kimoja humpa uzito zaidi anayetajwa na wakubwa, kingine huhesabu miaka mitatu badala ya miwili. Lakini mama yao ni mmoja: nani kamtaja nani."

Bi Nukta aliitazama ile karatasi. "Na mchanjaji aliyesoma, akaacha kuchanganya chupa zote asubuhi?"

"Huyo hayumo."

"Lakini ndiye aliyesoma!"

"Hakuandika, Bi Nukta. Kipimo kinamwona anayeandika, na si popote, ila kwenye jarida lililomo." Mkutubi akavuta mikono ya sweta. "Nisikilize, ndugu yangu. Hii namba sikuitengeneza, lakini sitaitukana. Ilikuja kutusaidia sisi wakutubi tujue tununue majarida yapi. Na orodha ina faida. Nimewaona walimu humu wakitapeliwa na majarida ya uongo, yanayochapa chochote ukilipa. Orodha inachuja hao. Ubaya ni pale namba ya jarida inapogeuzwa namba ya mtu. Ndani ya jarida kubwa zimo makala ambazo hakuna aliyezitaja hata mara moja. Zimekaa tu kwenye nyumba nzuri."

"Na mtu ana namba yake?"

"Anayo. Ukiwa na makala tano, na kila moja imetajwa si chini ya mara tano, namba yako ni tano. Ukiwa na kumi zilizotajwa mara kumi kumi, ni kumi."

"Yangu?"

Mkutubi alisita, akabonyeza bonyeza kompyuta. "Mbili."

Bi Nukta akacheka kidogo. "Hata paka wangu ana umri mkubwa kuliko huo."

Hatukucheka naye. Alikunja ile karatasi, akamshukuru mkutubi, na tulipokuwa tunashuka ngazi niliona ameshika reli ya ngazi, jambo ambalo hakuwa analifanya.

Mwaka ule alifanya kazi kama punda, ili jarida liingizwe kwenye orodha na makala ya Kurasa ipate alama. Wenye orodha walitaka jarida litoke kwa tarehe, bila kuchelewa hata kidogo. Likatoka kwa tarehe. Walitaka muhtasari wa kila makala kwa lugha ya kigeni, pamoja na zile za zamani. Alizitafsiri mwenyewe, jioni kwa jioni, miwani miwili juu ya pua. Walitaka wahakiki kutoka nje. Akawaandikia watu asiowajua, wengi hawakumjibu. Kurasa naye alikuwa anahangaika upande wake, akijaribu kupata kitu cha kuchapa upesi kwenye jarida lenye namba. Lakini mbuzi hawaugui kwa kufuata tarehe za kamati, na majarida yale makubwa huchukua miezi kusoma tu. Waliishi nyumba moja wakawa kama wapangaji wawili, kila mmoja na taa yake.

Karibu na mwisho alikuja mgeni. Alikuwa mhariri wa jarida la chuo kingine, mtu wa suti nzuri na maneno laini. Wao walikuwa wamekwisha kuingia kwenye orodha. Alimweleza Bi Nukta bila kuona haya jinsi walivyofanya: kila mwandishi aliyewaletea makala aliambiwa aongeze marejeo machache ya jarida lao kabla haijapokelewa. Na sasa alitaka wasaidiane. Makala za kwake zitaje za Bi Nukta, za Bi Nukta zitaje za kwake. Nani ataumia?

Mgeni alipoondoka, Daktari wa Kuku alifunga mlango. Kwa mara ya kwanza nilimsikia akisema kwa sauti ya chini.

"Dada, fanya."

"Huo ni udanganyifu, mdogo wangu."

"Ni mstari mmoja chini ya ukurasa. Hakuna mbuzi atakayekufa. Yule mtoto nimemwona akitambaa humu ndani. Fanya."

Bi Nukta aliandika ujumbe. Aliniambia mwenyewe. Aliwaandikia waandishi waliokuwa wanangoja majibu, kwa adabu zote, akiwaomba waongeze marejeo kadhaa ya jarida letu. Mmoja wao alikuwa ameandika juu ya vidonda vya punda, hana analohitaji kwetu. Alikaa na ujumbe ule mbele yake mpaka chai ikawa na ngozi juu. Halafu akaufuta. Alisema hakuweza kuwafundisha watu wazima kusema uongo na kesho yake awasahihishie nukta.

Majibu ya orodha yakaja baada ya hapo. Walilisifu jarida kwa kutoka kwa wakati. Wakasema halitajwi vya kutosha na majarida mengine, basi haliwezi kuingizwa. Alinisomea huku akitafsiri, akafika mwisho akarudia mwanzo, kama mtu anayedhani ameruka mstari.

"Tutajwe vipi na hatumo?" aliniuliza. "Na tuingie vipi na hatutajwi?"

Kosa lake, kama ni kosa, ni kwamba alimweleza Kurasa kila kitu. Alidhani mwanawe angeona fahari. Walikuwa ofisini, na mimi nilitamani ukuta uwe mnene.

"Kwa hiyo ulipata njia, ukaikataa," alisema Kurasa.

"Haikuwa njia, mwanangu. Ilikuwa wizi."

"Sikulaumu kwa kukataa. Labda na mimi ningekataa. Lakini hukuniuliza." Alikuwa hapigi kelele, na hilo ndilo lililoniuma. "Na siku ile mezani uliniuliza mchanjaji ataisoma wapi. Hukuniuliza mimi nitafundisha wapi. Mama, wewe ulikuwa na jarida zima. Mimi nilikuwa na makala moja."

Nilisikia Bi Nukta akifungua droo na kuifunga, bila kutoa kitu.

Mwaka wa nyongeza uliisha bila alama za kutosha, na Kurasa akapata kazi kwenye kampuni ya dawa za minyoo, mji wa mbali, kusimamia wauzaji. Siku ya kuondoka sote tulitoka kumuaga. Daktari wa Kuku alimbebea sanduku huku akimtania kwamba sasa atakuwa mtu wa magari yenye kiyoyozi, atatusahau sisi wa mavi ya kuku. Kurasa alicheka, akatukumbatia mmoja mmoja. Mama yake alimkumbatia mwisho, kwa muda mfupi kuliko sisi. Gari lilipokwisha kukata kona, Bi Nukta alisema ana kipindi, akaenda kufundisha. Wanafunzi waliniambia alifundisha vizuri.

Baada ya hapo walipigiana simu siku za mapumziko. Nilijua kwa sababu Jumatatu alikuwa na habari za hali ya hewa ya huko. Mvua imenyesha. Joto limezidi. Hakuwa na habari nyingine.

Jarida likaanza kukonda. Vijana wa idara hawakuwa wajinga, walijua hesabu. Waliotuletea makala walikuwa wastaafu na wale ambao kazi zao zilishakataliwa kila mahali. Katikati ya ukame huo, mwalimu mmoja chipukizi, mwanamke mwenye mimba kubwa na mkataba mfupi, alimletea Bi Nukta makala juu ya kutupa mimba kwa mbuzi. Ilikuwa nzuri mno. Bi Nukta alibisha hodi kwenye ukuta, nikaenda, akanipa nisome ukurasa wa kwanza.

"Umeona?" alisema, macho yanang'aa. "Umeona anavyoandika?"

Nilidhani toleo lijalo limepata roho. Akakaa nayo wiki nzima. Alisahihisha kila mstari, akapanga upya majedwali, akaandika maswali pembeni kwa mwandiko wake mdogo. Kisha akamwita yule mwalimu.

"Nimeimaliza," alimwambia. "Sasa itafsiri, uipeleke huko kwenye robo ya kwanza. Nimekuandikia majarida matatu ya kujaribu, anza na la juu."

"Lakini mimi nimekuletea wewe, Bi Nukta. Nataka isomwe na watu wetu."

"Najua. Ndivyo na mimi nilivyotaka."

"Sasa kwa nini..."

"Una mimba, mwanangu. Ipeleke."

Yule mwalimu alilia mle ndani, na Bi Nukta alimpa kitambaa, akamwambia kwa ukali asiloweshe majedwali. Makala ilipokelewa kwenye la pili kati ya yale matatu. Mwandishi aliajiriwa. Wachanjaji hawakuiona, kwani kuifungua kulitaka malipo, na wala hawakujua kwamba ipo. Toleo letu lililofuata lilikuwa jembamba kama kijitabu cha maelekezo ya redio.

Alifanya vile tena kwa mwingine, na mwingine. Kila kilicho kizuri alikisafisha akakielekeza kwenye majarida ya orodha. Daktari wa Kuku alimwambia, "Dada, unaliua kwa mkono wako." Naye akamjibu, "Lilishakufa. Mimi nagawa nguo zake." Daktari wa Kuku, ambaye alikuwa na mzaha kwa kila jambo, alitoka nje akasimama kwenye baraza kwa muda mrefu, akitazama maegesho ya magari.

Mwaka wa kustaafu kwake kitivo kiliamua kulifunga jarida. Mkuu aliliweka jambo hilo mwisho wa kikao, kwa heshima, na akaomba tumpigie Bi Nukta makofi. Tulipiga. Nakala za zamani zilipelekwa stoo kwa mkokoteni, nyingine zikagawiwa kwa yeyote anayetaka. Ofisa mifugo mmoja alisafiri kutoka mbali, akachukua boksi zima, akaondoka bila hata kunywa maji kwa kuogopa gari litamwacha. Chumba cha Bi Nukta kikapewa walimu wawili wapya. Wana bidii, na wanaongea taratibu, siwasikii kabisa.

Nilimtembelea miaka michache baadaye. Alikuwa amehamia kwa Kurasa, mji ule wa mbali, baada ya presha ya macho kumla upande mmoja. Kurasa ndiye aliyekwenda kumchukua. Hakuna aliyemwomba, alikuja tu na gari, akapakia vitu, na njiani, Bi Nukta aliniambia, walizungumza juu ya bei ya mapazia.

Nyumba ilikuwa nzuri, ya ghorofa ya tatu, vigae vyeupe. Kurasa alikuwa amenenepa kidogo na amepandishwa cheo. Kampuni nzima ya kanda ile ilikuwa chini yake. Alinikaribisha kwa furaha ya kweli, akaniuliza habari za Daktari wa Kuku, tukacheka sana. Nilipomuuliza kama anafikiria kurudi kwenye utafiti, alikusanya vikombe. "Mjomba, siku hizi nasoma ripoti za mauzo tu," alisema. "Zinaeleweka."

Akaenda jikoni. Mama yake alikuwa amegeuzia uso dirishani, upande wa jicho linaloona. Jirani mmoja alikuwa ameingia kuazima pasi, akakaa kidogo, na kwa kutafuta la kusema akamuuliza Bi Nukta binti yake anafanya kazi gani hasa, maana wanamwona tu akitoka alfajiri na kurudi jioni.

"Ni daktari wa mifugo," alisema Bi Nukta. Akasikiliza maji yakimiminika jikoni. "Aligundua jambo moja kubwa sana kuhusu mbuzi."

"Jambo gani?" aliuliza jirani.

Maji jikoni yakafungwa. Bi Nukta akanyoosha mkono, akapapasa meza mpaka akaipata pasi, akampa.

"Waya wake umelegea karibu na plagi," alisema. "Uwe mwangalifu."